Majani Yaliyotoka kwa Shomari

Kwa mwanangu Mwanaidi, baada ya salamu nyingi ambazo leo nimekupa asubuhi, nikakupa tena adhuhuri, na zote umezipokea kwa kuangalia ukuta.

Sijambo, ukitaka kujua. Baba yako naye hajambo, ila yuko juu ya mkwaju na shoka mkononi, kwa umri wake ule, na mimi nimekaa barazani naandika kwa jicho moja na kwa jicho la pili namwangalia yeye, asije akaniangukia siku ya kuamkia safari yako. Wewe uko ndani, umenyoosha mikono na miguu, shangazi zako wanakupaka hina, na shoka unalisikia na hujui ni la nini. Hukuuliza. Tangu jana hunisemeshi. Basi nitakuambia kwa wino, maana kwa mdomo utanikatiza, nami nitakasirika, na kesho watu wa Pangani, jamaa za mumeo, wataona bibi arusi na mama yake wamenuniana.

Jana uliniomba kitu kidogo. Ulisema, "Mama, nipe pakacha moja la majani ya uwanjani nikapande kwangu. Nyumba yao iko chini ya miti kama hii yetu, na uwanja ni udongo mtupu. Wanasema mvua ikinyesha matope yanaingia mpaka chumbani." Nikasema hapana. Ukaniuliza kwa nini, nikasema hapana ni hapana. Ukacheka ukidhani natania, kisha ukaona sitanii. Ulipofika mlangoni ukageuka ukasema, "Unayapenda hayo majani kuliko mtoto uliyemzaa." 

Mwanangu, nayapenda kwa sababu ya mtoto niliyemzaa. Ila si wewe.

Mambo ya ndani ya nyumba sitakuandikia. Somo yako amekwisha kukufunda, na kwa jinsi mlivyokuwa mkicheka humo chumbani naona mengine yamekuingia. Kupika unajua, ila ukiwa na hasira chumvi inazidi. Mume wako ni mpole, na mpole naye ana siku yake, utaijua mwenyewe ikifika. Hayo utayapata kwa shangazi zako mpaka masikio yakuume. Mimi nitakuandikia juu ya majani, na ukiona nimeingia kwingine, nivumilie.

Unajua kwamba mimi si mtu wa shamba. Nilizaliwa Bagamoyo mjini, kwa baba yangu aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na ndiye aliyenifundisha kuandika wakati wenzangu wanafundishwa kusuka ukili. Kwetu uwanja ni mchanga. Unaufagia alfajiri kwa ufagio wa chelewa, unabaki na mistari, na mtu akipita unamjua kwa nyayo zake. Mwanamke anahesabiwa kwa uwanja wake. Baba yako aliponioa akanileta huku Makurunge, kwenye nyumba aliyoijenga babu yake chini ya mikwaju na mikungu, miti minene kiasi kwamba jua la saa sita linafika chini vipande vipande. Nilifurahi. Nilikuwa nimetoka kwenye jua la mjini, nikaona nimepata baridi ya bure.

Masika yalipokuja nikajua nimekuja wapi. Udongo wa huku si mchanga. Ukilowa unanata, unaingia na miguu ya watu, unapanda kwenye mkeka, mpaka kwenye kitanda. Na chini ya miti haukauki. Nami nikafanya nililolijua: nikafagia. Kila alfajiri nikafagia kwa chelewa kama nilivyofagia kwetu, na kila nilipofagia niliondoa udongo kidogo, mpaka mizizi ya miti ikatoka nje na uwanja ukashuka chini ya kizingiti, maji yakaanza kutuama mbele ya mlango. Bibi yako, mavyaa wangu, Mungu amrehemu, alisimama siku moja akanitazama. Akasema, "Mkwe wangu, unafagia au unachimba kisima?"

Nikaona aibu, na kwa hasira ya aibu ile nikaamua kuotesha majani. Si kwa uzuri, usidhani. Nilitaka kitu cha kuushika udongo. Lakini kumbuka kwamba watu wa huku, kama wa mjini, majani mbele ya nyumba wanayang'oa kwa hofu ya nyoka, na mimi nikawa nayabeba kwa pakacha kuyaleta mlangoni. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda kisimani wakanipa jina, Bi Mfuga Nyoka. Walikuwa wakilisema kwa sauti ya kunifanya nisikie, nami nikiwajibu kwamba nyoka wangu ni wapole kuliko waume zao.

Nilichukua ukoka pale njiani wanapopumzika wapagazi, ukoka mzuri, umekanyagwa na misafara yote ya bara na haufi. Nikaupanda. Ukaota, ukanyooka, ukawa mwembamba na wa manjano, ukafa. Nikapanda tena. Nikaona labda ni kiu, nikawa nautilia maji kila jioni, ukaoza kwa sababu chini ya miti maji ya jioni yanakesha. Nikaona labda umezidi urefu, nikaukata kwa mundu mpaka chini kama unavyokatwa juani, nao ulikuwa hauishi kwa kitu kingine ila kwa yale majani machache niliyoyakata. Majani makavu ya mkungu yakiuangukia nikayaacha, yakaufunika kama vifuniko vya vyungu. Nikayafagia kwa chelewa, ufagio ukang'oa yote, makavu na mabichi. Hatukuwa na watumwa wa kutushughulikia uwanja kama wenye mashamba makubwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumtupia lawama. Kila kinachoweza kukosewa nilikikosea kwa mikono yangu.

Wakati huo kakako Shomari alikuwa na miaka sita.

Wewe unamjua kama jiwe la kichwani pale nyuma ya uwanja, tunapokwenda kusoma fatiha. Nimekuambia kidogo sana juu yake, na baba yako hajakuambia kitu kabisa. Alikuwa mtoto wa kulala kifudifudi. Watoto wengine wanakimbia, yeye alilala chini, shavu ardhini, akitazama sisimizi wakibeba vitu vyao, na aliweza kukaa hivyo mpaka umwite mara nyingi. Na uwanja ule ulikuwa matope. Kanzu ilikuwa moja ya merikani, naifua asubuhi, jioni kifua chote kimekuwa cheusi. Nilimpiga kwa ajili ya matope, Mwanaidi. Si sana, si kama wengine wanavyopiga, lakini nilimpiga, na mikono inakumbuka.

Siku moja nilikuwa nimechuchumaa napanda ukoka wangu, akaja akakaa karibu yangu. Akasema, "Mama, hayo yakiota, nitaruhusiwa kulala?"

Nikamwambia, "Yakiota, utalala mpaka uchoke."

Akacheka. Akawa kila asubuhi anakwenda kuyatazama kabla yangu, kisha anakuja kuniambia bado. Nilikuwa naamka nasikia sauti yake mlangoni: "Mama, bado." Mpaka leo ndivyo ninavyoamka, ila sasa hakuna anayesema.

Hayakuota. Homa ilimchukua wakati wa vuli, ikaja mchana akiwa mzima, na kabla mvua haijakatika alikuwa ameondoka. Walimzika pale nyuma, walikolala babu zake. Mkwaju ule mkubwa ulikuwa na tawi lililoshuka chini, watu wakashindwa kuinua majembe, wakalikata ili wapate nafasi ya kuchimba. Likumbuke tawi hilo.

Masika yaliyofuata, juu ya kaburi likaota jani. Sikulipanda. Halikuwa ukoka. Lilikuwa jani pana, laini, linalotambaa, la kijani kizito, la namna ile inayoota yenyewe chini ya minazi huko ufukweni. Nadhani mbegu au kipande kilikuja na udongo kwenye jembe la mmoja wa wazikaji, maana wengine walitoka pwani. Lakini wakati ule sikudhani hivyo. Nilikwenda asubuhi nikaliona limefunika kuanzia kichwani mpaka miguuni, urefu wake yeye tu, pembeni udongo mtupu. Nikakaa chini. Nikasema, yameota, mwanangu, yameota.

Na nilichofanya baadaye nilikifanya kwa akili timamu, sitaki useme mama alikuwa amerukwa na akili. Niliona kwamba yeye ndiye ameyaleta, kwa sababu mimi nilishindwa. Nilikuwa nimemwahidi kulala uwanjani, siyo huko. Nikachukua jembe dogo na pakacha. Nilikusudia kuchukua kipande kimoja. Nilipokitoa kimoja nikatoa cha pili, na nilipoinuka kaburi lilikuwa jeupe, na pakacha limejaa, na mizizi yake ina udongo wa pale.

Bibi yako alinikuta napanda mbele ya mlango. Hakupiga kelele. Alisema, "Umeyatoa wapi?"

Nikasema, "Nimemleta nyumbani."

Akakaa kwenye kizingiti. "Mwanangu," akasema, hakusema mkwe wangu siku hiyo, "jani bichi juu ya kaburi linamsabihi Mola wake, na aliye chini anapata wepesi kwa hilo. Watu wanapeleka vitawi vibichi makaburini, wewe umekwenda kuvitoa. Hukumleta mtoto. Umemvua nguo."

Niliyarudisha? Sikuyarudisha. Nilikwenda Bagamoyo kwa baba yangu, nikamweleza. Akaniambia Shomari ni mtoto, hana dhambi, hana hesabu, hahitaji wepesi wa jani wala wa mti, na niende nyumbani nikale. Akili yangu ilimsikia. Usiku nikalala na neno la bibi yako.

Na majani yakaota, Mwanaidi. Yale ambayo wewe umeyakuta na ukadhani yalikuwapo tangu Adamu. Chini ya miti ile ile, kwenye udongo ule ule uliokataa kila nilichopanda, yalitambaa, yakashikana, yakafika kisimani kwa upande mmoja na jikoni kwa upande wa pili. Matope yakaisha. Wanawake walionicheka wakaja kuomba mbegu, nikawanyima wote. Walisema ni choyo. Watu waliposhuka kutoka Lugoba na mizigo yao wakienda mjini walisimama kuyatazama, na wengine walivua viatu. Nami nilikuwa nasimama mlangoni nikisifiwa, na nyuma ya uwanja kaburi la mwanangu limekaa tupu kama siku ile nilipoliacha. Halikuota tena. Si hilo jani, si jani lolote.

Sasa nitakuambia lile ambalo sijamwambia mtu ila baba yako. Baadhi ya asubuhi nilikuta mahali pamelala. Chini ya mkungu, karibu na njia ya sisimizi, majani yamebonyea, mahali padogo, urefu wa mtoto aliyejinyoosha kifudifudi. Umande uko kote, pale hakuna. Nikiweka kiganja, pana joto. Baba yako alisema ni paa, wanatoka msituni wanakuja kulala penye ulaini, na mwenyewe aliwahi kumwona mmoja akikimbia. Nilikubali ni paa. Lakini nilianza kuamka mapema kuliko watu wote, nikawa nayainua kwa vidole, moja moja, asije mwingine akaona.

Kisha ukazaliwa wewe. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa ya kuzaa. Ulitambaa juu ya majani yale, ukasimama juu yake, ukaanguka juu yake bila kuumia. Na ulipoanza kulala kidogo mchana, mahali pako palikuwa pale pale chini ya mkungu. Hakuna aliyekuonyesha. Nawe ulikuwa hulali katikati, ulilala ukingoni kabisa, nusu mwili kwenye mzizi. Nikikusogeza ulipiga kelele. Siku moja, ulikuwa ndiyo kwanza unajua maneno, nilikusikia unasema, "Sogea." Nikauliza unamwambia nani asogee. Ukanitazama kama vile swali langu ni la kijinga, ukalala.

Sikuuliza tena. Nilikwenda jikoni nikalia mbele ya moshi, ili mtu akiingia aone ni moshi.

Nimesema nitakuandikia juu ya majani, basi ngoja niandike, maana yanahusu. Miaka yote ile nimejifunza kwamba chini ya miti si mbolea wala maji vinavyokosekana kwanza. Ni mwanga. Jani la kivulini haliombi jua zima, linaomba dirisha. Ukiona mahali panaanza kuwa peupe, usiangalie chini, angalia juu. Utakuta tawi limejaza. Liondoe, la chini kabisa na mengine membamba ya ndani, mti hautakufa, na baada ya mvua moja majani yanarudi. Nimefanya hivyo kila upande wa uwanja huu. Baba yako anapanda, mimi nasimama chini namwelekeza, tunagombana, tawi linaanguka, na majani yanarudi. Haijashindwa hata mara moja.

Umeelewa ninakokwenda? Wewe una akili, umeshaelewa.

Lile tawi la mkwaju walilolikata wazikaji lilichipua. Likawa matawi mawili, yakawa manene, yakafunga juu ya kaburi kama paa la nyumba. Kaburi halikuota kwa sababu ni giza. Nilijua. Kwanza sikujua, niliamini nimelaaniwa, na niliikubali laana yangu. Lakini baada ya kujifunza habari ya mwanga nilisimama pale siku moja nikaangalia juu, na nikaona wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Baba yako naye aliona. Akasema, "Mke wangu, nipande nilikate, leo hii." Nikamwambia mkwaju ule una shetani, asiuguse. Akaenda zake. Alijua kwamba siamini mashetani ya mitini, mimi binti wa mwalimu.

Nimejiuliza kwa nini nilimzuia, na jibu halinipendezi. Kaburi likiota, ina maana yuko kule. Mradi lilikuwa tupu, niliweza kusema hayupo, nimemtoa, yuko uwanjani kwangu, anakuja anapotaka, na asubuhi namwinulia majani. Nilimnyima mwanangu jani la kumsabihia ili nimweke mimi mlangoni. Mama anaweza kufanya hivyo, Mwanaidi. Anaweza kumng'ang'ania mtoto mpaka amvue nguo, na akaita mapenzi. Utakapopata wako, sikuambii usifanye. Nakuambia tu kwamba utakuwa hujijui ukifanya.

Kwa hiyo jana ulipoomba pakacha, sikuona pakacha. Niliona kesho alfajiri watu wa Pangani wamekupandisha punda, wewe unakwenda, na yeye anakwenda ndani ya pakacha, na mimi nabaki na baba yako na uwanja. Wawili kwa siku moja. Nikasema hapana kabla sijajua nimefungua mdomo. Halafu ukasema lile neno, ukaenda zako.

Leo alfajiri niliamka kutia maji ya udhu, nikatoka mapema kama kawaida yangu kwenda kuyainua majani. Nikakukuta. Ulikuwa umelala nje chini ya mkungu, umejifunika kanga kichwani, nadhani ulitoka kulia ukapitiwa na usingizi. Mtu mzima, mke wa mtu, miguu mirefu kuliko yangu. Na ulikuwa umelala ukingoni. Nusu mwili kwenye mzizi, mgongo umepinda kwa kujibana, na upande wa pili umeacha nafasi ya kutosha.

Nilisimama na kata ya maji mpaka mkono ukachoka. Miaka yote nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayemtunza. Wewe umempa nafasi tangu hujajua kuhesabu, na hukumzuia, na hukumficha mtu, na hukuyainua majani asubuhi. Ulisogea tu.

Sikukuamsha. Nilikwenda kumwamsha baba yako, nikamwambia atafute shoka, alinoe, akimaliza kuwapokea wageni wa arusi apande mkwaju. Akaniuliza, "Na shetani je?" Nikamwambia shetani nimezungumza naye. Ndiko kucheka kwake kule ulikokusikia ukiwa nje, ukashtuka ukakimbilia ndani.

Nasimama hapa kidogo. Shoka limenyamaza, anataka nikamsaidie kuvuta kamba. Narudi.

Nimerudi. Doa unaloliona hapa pembeni ni udongo, nimesahau kunawa. Matawi yote mawili yameanguka, mazima, hayakuvunja jiwe. Baba yako ameshuka salama, amekwaruzwa shavu na anajifanya haumwi. Tulisimama pale sote wawili, jua la jioni likaingia kwa ubavu, likalifunika kaburi kutoka kichwani mpaka miguuni. Sijaliona pale tangu siku ile. Nilikuwa nimechimbua majani kutoka pale pale chini ya mkungu, mahali penu. Nusu yake nimempandia kwake. Sikuyabana, nimeacha nafasi, yatakutana yenyewe. Baba yako alitia maji kwa mkono wake. Kisha akalia, na mimi nikamwacha alie, ni zamu yake.

Nusu ya pili iko kwenye pakacha, nyuma ya mlango, nimelifunika kwa kitambaa kilicholowa. Ni lako. Njiani ulinyunyizie maji, na mkifika Saadani usikubali waliweke juani na mizigo mingine. Kwako yapande siku ile ile, hata kama wifi zako wanakungoja uwapikie, waambie mama yangu alikuwa kichaa. Maji asubuhi, jioni usitie. Usiyakate mafupi, yaache na kimo. Majani makavu yaokote kwa mkono, chelewa kisiguse. Watakuita Bi Mfuga Nyoka, utajua cha kuwajibu. Na yakianza kuwa meupe, angalia juu.

Mtu akija kuomba mbegu, mpe. Nimewanyima watu wengi mno.

Asubuhi nitakupa salamu tena, nawe utaitikia, maana nitakuwa nimekwisha kukuwekea barua hii chini ya mto. Usinililie mbele ya watu. Huku nyuma nitakuwa na kazi, nina kaburi la kuangalia mpaka mvua zifike, na palipochimbwa chini ya mkungu pana shimo la kujaza. Sitaamka tena kuinua kitu.

Nakuombea kheri, wewe na mumeo na watakaozaliwa. Jambo moja limebaki. Ukishayapanda yakashika, huenda asubuhi moja ukatoka ukayakuta yamelala mahali, mahali padogo, kiasi cha mtoto. Usimwite mtu. Usiyainue. Wewe sogea tu kama ulivyozoea, na umwache kakako alale mpaka achoke.

Mama yako.